Nani Aliyechota Maji? Ibada, Kazi na Maisha ya Ndoa katika Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni miongoni mwa tungo za Kiswahili zilizohakikiwa kwa wingi. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kitabuni mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, J. W. T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi mwaka 1971. Na tangu hapo umekuwa ukifundishwa vyuoni kama kielelezo cha ushairi wa mwanamke wa Kiswahili wa karne ya kumi na tisa. Wasomaji wake wamegawanyika, kwa jumla, katika makundi mawili. Kundi la kwanza linauona kuwa hati ya kumtiisha mwanamke: mama anamfunza binti yake kumnyenyekea mume, akimtishia kwa moto wa Jahanamu. Kundi la pili linautetea, ama kwa kuurejesha katika dini na zama zake, ama kwa kuusoma upya. Ann Biersteker, mathalan, katika makala yake ya mwaka 1991, alipendekeza tuitazame upya lugha ya utiifu iliyomo na uhusiano wake na suala la mamlaka.

Makundi haya mawili yanapingana, lakini yanauliza swali moja: katika nyumba hii, nani anamtawala nani? Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali jingine, ambalo hatukulibuni sisi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiujadili utendi huu katika semina ya uzamili. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa ameolewa miezi michache kabla yake na ambaye aghalabu alifika darasani moja kwa moja kutoka kazini, alinyamaza muda wote wa mjadala. Mwishoni akasema: "Mimi nimehesabu kazi zilizomo. Mume amekandwa, ameoshwa, amenyolewa, amefukizwa udi, ameandikiwa chakula. Sijaona chakula hicho kilipopikwa. Nani aliyechota maji?" Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, na muda ukaisha.

Swali hilo lilistahili jibu. Hoja yetu ni kwamba utendi huu ni, pamoja na mambo mengine, maelezo ya siku ya kazi ya mke kijana. Kwamba kazi zinazotajwa ndani yake zimeteuliwa, na zile zisizotajwa zilikuwa na wenyewe. Na kwamba mabadiliko ya historia yalipowaondoa wenyewe hao, utendi uliendelea kusomwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mzigo ambao mwanafunzi wetu aliuona haukuwekwa wote na Mwana Kupona. Sehemu yake iliwekwa na namna tulivyomsoma.

Mama, binti na mji

Inafaa kwanza tukumbushane mazingira ya utunzi. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyefariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mjane huyu, ambaye kwa kauli yake mwenyewe alikuwa amekaa na maradhi mwaka mzima, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi. Utendi ni wasia wa mgonjwa. Mama anajua kwamba huenda asiwepo siku ambayo binti atahitaji kuuliza jambo, na kwa hiyo anataka kuyasema yote sasa.

Siyu haukuwa mji mnyonge. Ulikuwa mji wa mafundi: watengenezaji wa vitu vya ngozi, wachongaji wa nakshi, na wanakili wa misahafu ambao kazi yao ilijulikana pwani nzima. Ulikuwa pia mji wa vita, kwani Bwana Mataka alipambana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja kwa miaka mingi. Hata hivyo, msomaji anayetafuta vita hivyo katika utendi hatavipata vikisimuliwa. Ufundi wa mji haumo, biashara haimo, mashamba hayamo. Mshairi amefunga mlango wa nje na kutuonyesha nyumba tu, na ndani ya nyumba ametuonyesha watu wawili: mke na mume. Msomaji anayetaka kumwelewa mshairi huyu sharti azingatie uteuzi huo. Mwana Kupona aliyajua mengi ambayo hakuyasema. Kimya chake hakiwezi kuelezwa kwa ujinga.

Siku ya bibi arusi

Wasia wenyewe unaanza na dini na adabu: kushika faradhi na sunna, kuwa na ulimi mwema, kuwa mkweli na mwaminifu, kuepuka watu wasio na mwenendo. Kisha mama anaeleza kwamba mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Ni hii ya tano ambayo anaikalia kwa urefu. Siku ya kiyama, anaeleza, mume ataulizwa. Akiridhika mke ataingia peponi, na asiporidhika mke hana pa kwenda ila motoni.

Baada ya msingi huo wa imani, utendi unashuka ghafla kwenye mambo ya kila siku, na hapo ndipo ufundi wa mshairi unapodhihirika. Maelezo yanafuata mwendo wa siku. Mume akitoka, aagwe; akirudi, apokewe kwa bashasha na kutengezewa mahali pa kupumzika. Akilala, asiamshwe kwa sauti. Mke akae karibu naye ampapase, na mume asikose upepo wala wa kuuleta. Akiamka, chakula kisicheleweshwe. Mwili wake utunzwe: akandwe, aoshwe, anyolewe, ndevu zitengenezwe, afukizwe asubuhi na jioni. Atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema, mke akiangalia kinachoingia na kinachotoka. Mke naye asiwe mchafu. Afagie, asidharau hata mara moja kuosha choo. Aoge, ajisinge, afunge nywele zake, atunge asumini na kuitia kitandani. Avae mapambo akae kama bibi arusi. Akitaka kutoka, aombe ruhusa, na akienda asikawie.

Msomaji atambue mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba hizi ni kazi. Wahakiki wa makundi yote mawili wameziita utiifu, heshima, mapenzi au unyonge, lakini ni nadra kuziita kwa jina lake. Kukanda mwili ni kazi, kunyoa ni kazi, na kukaa macho mtu mwingine akilala ni kazi, tena ni kazi ya kuchosha. Mwana Kupona mwenyewe anazieleza kama fundi anayemfunza mwanagenzi: kipi kitangulie, kipi kifuate, kosa liko wapi. Katika mji wa mafundi, mama huyu naye ana ufundi wake na anaurithisha.

La pili ni kwamba karibu kazi zote zina sifa moja: zinamgusa mume mwilini au zinamfikia kupitia macho, pua na masikio. Ni kazi za karibu, zinazofanyika pale mume alipo. Kila kinachofanyika mbali na mume, uani, jikoni, kisimani, hakimo.

Kazi isiyotajwa

Turudi sasa kwa swali la semina. Utendi unaagiza chakula kiandikwe mbele ya mume mara anapoamka. Tafsiri na fasiri nyingi zinalipita agizo hili haraka, na baadhi ya wanafunzi wetu hulieleza mtihanini kwamba "mke ampikie mumewe." Sivyo. Kuandika chakula ni kukipanga na kukiweka tayari kwa mlaji. Kabla ya kuandikwa, chakula hicho kimepepetwa, kimetwangwa, kimekunwa nazi, kimepikwa juu ya kuni ambazo mtu alizikata na mtu alizibeba, kwa maji ambayo mtu aliyateka kisimani. Shughuli hizi ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya siku katika nyumba yoyote ya wakati ule, kisiwani na bara. Utendi haujazigusa hata moja. Hali kadhalika, agizo la upepo halimwambii mke kwamba apepee kwa mkono wake. Kinachosisitizwa ni kwamba mume asikose mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Mtu huyo ni nani? Utendi wenyewe unatupa jibu, kwa kifupi na kwa jicho la pembeni. Katika sehemu ya adabu, mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, maana watamvuta kwenye aibu. Wahakiki wamelitaja onyo hili kama ushahidi wa tabaka la mshairi, na ni kweli. Lakini lina maana zaidi ya hiyo. Katika onyo hilo watumwa wanaingia nyumbani kwa sababu moja, nayo ni kazi. Wapo wakati wa huduma, kisha wanapaswa kutoweka. Na katika utendi wametoweka kweli. Wameacha chakula kimepikwa, mtungi umejaa na kuni zimepangwa, na mke muungwana anaingia kuandika chakula.

Nyumba ya mtawala wa Siyu, na nyumba ambayo binti yake alitarajiwa kuolewa, zilikuwa nyumba zenye watumwa. Uchumi wa miji ya Lamu, Pate na Siyu ulitegemea watumwa waliolima mashamba ya bara iliyokabili visiwa na waliotumika majumbani. Hakuna la ajabu katika jambo hilo kwa mwanahistoria. Ajabu ni kwamba uhakiki wa fasihi, ambao umeandika kurasa nyingi juu ya mume na mke katika utendi huu, haujamfanya mtu wa tatu aliyekuwemo nyumbani kuwa sehemu ya swali. Tumekubali picha ya watu wawili kama alivyoichora mshairi.

Hata hivyo, haki itendeke. Hoja yetu inakutana na kizuizi katika agizo la kufagia na kuosha choo. Hizi si kazi za udi na asumini. Iwapo kazi chafu zote zilikuwa za mtumwa, kwa nini mama amtie binti wa mtawala mkononi ufagio? Mtu anaweza kusema kwamba maana yake ni kusimamia tu, lakini maneno ya utendi hayasemi hivyo, nasi hatuna ruhusa ya kuyalazimisha. Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba choo kinachozungumzwa ni sehemu ya faragha ya kuogea na kujitwaharisha, iliyoko ndani kabisa pamoja na chumba cha kulala. Ni mahali pa tohara, na tohara ni mlango wa ibada. Kazi hiyo inaingia katika mzunguko ule ule wa karibu: mwili wa mume, mwili wa mke, na mahali miili hiyo inapotakaswa. Kwa hiyo mstari unaogawa kazi katika utendi huu hautenganishi kazi safi na kazi chafu. Unatenganisha kazi za ndani na kazi za uani. Mke anazitenda za ndani kwa mikono yake kwa sababu zimehesabiwa kuwa ibada. Za uani hazihesabiwi, na kwa hiyo hazitajwi.

Ujira wa radhi

Hapa ndipo imani inapokutana na kazi. Wanaomlaumu Mwana Kupona kwa kumfanya mume kuwa kama mlinzi wa mlango wa pepo wana sababu ya kulaumu, lakini hawajaeleza kwa nini mshairi mwenye akili kama yake aliitumia hoja hiyo. Sisi tunaona kwamba anaeleza mfumo wa malipo. Kazi ya mke haina ujira wa fedha. Inalipwa kwa radhi, na radhi inalipwa peponi. Ndiyo maana hata pale mume anapofanya ubaya, mama hamwambii binti kwamba ubaya huo ni wema. Anamwambia kwamba Mungu ndiye atakayemlipa. Hesabu inahamishwa kutoka kwa mume asiyeaminika hadi kwa Mlipaji asiyedhulumu. Mama anathibitisha kwamba mfumo huo unafanya kazi kwa kutaja ndoa yake mwenyewe: alikaa na mumewe kwa furaha na kicheko bila ya kugombana, na siku ya mauti mume alimwachia radhi yake. Kwa maneno mengine, yeye ameshapokea ujira wake, na anakufa akiwa na stakabadhi mkononi.

Ni muhimu kutofautisha mfumo huu na sheria ya dini yenyewe, kwa sababu wasomaji wengi, wafuasi wa dini na wasio wafuasi, huvichanganya. Waswahili wa pwani kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafii. Wanazuoni wengi wa madhehebu hayo hawaihesabu kazi ya nyumbani, kupika, kufua na kufagia, kuwa wajibu wa mke kisheria. Nafaka ni juu ya mume, na mke aliyezoea kutumikiwa kwao ana haki ya kupatiwa mtumishi. Lau Mwana Kupona angalitaka kuandika fikihi, angaliandika hivyo. Alichoandika ni adabu, yaani ubora unaozidi sheria, na akaupa adabu huo uzito wa ibada. Jambo hilo lina pande mbili. Kwa upande mmoja, anamtukuza mwanamke kwa kufanya kila tendo lake dogo lihesabiwe mbinguni. Kwa upande mwingine, linapotoka mdomoni mwa watu wasio na elimu yake, adabu hugeuka kuwa faradhi, na mke anayechoka huonekana kuwa mke anayeasi.

Angalia pia kwamba hekima ya jumuiya haikumwelekea mke peke yake. Methali isemayo "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" inamsema mume: mke huvishwa, kama mgomba unavyopaliliwa. Kuna kazi hapo pia, na ni ya mwanamume. Lakini methali ni fupi, nayo husemwa na kupita. Wasia wa mama kwa binti umepata beti mia moja na zaidi, umeandikwa, umenakiliwa na kukaririwa. Hatujui kwamba Siyu ilikuwa na wasia kama huo wa baba kwa bwana arusi.

Urithi maradufu

Mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya, miaka kumi baada ya Unguja. Watumwa wengi waliondoka majumbani, au wakabaki kwa masharti mengine. Kazi za uani zilibaki pale pale. Kisima kilikuwa bado kinahitaji mtu wa kuteka, kinu kilikuwa bado kinahitaji mtu wa kutwanga. Katika nyumba nyingi za waungwana wasio na mali ya kuajiri, mtu huyo alikuwa sasa mke.

Utendi, hata hivyo, haukubadilika. Uliendelea kusomwa na kukaririwa, ukawafikia mabibi arusi ambao mama zao hawakuwahi kumiliki mtumwa, na ambao wengine wao walikuwa wajukuu wa watumwa. Bibi arusi wa namna hii alirithi mara mbili. Alirithi kazi za ndani, za muungwana, ambazo utendi unazitaja na kuzitukuza. Alirithi pia kazi za uani, za mtumwa, ambazo utendi haukuzitaja kamwe. Za kwanza zilikuwa na radhi kama ujira. Za pili hazikuwa na ujira wowote, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa katika hesabu. Baadaye, binti wa bibi arusi huyo alipopata elimu na ajira, aliongeza juu yake kazi ya tatu, ya nje, inayolipwa kwa mshahara. Tunadhani mwanafunzi wetu wa semina alikuwa akizungumza kutoka mahali hapo, alipojumlishiwa zote tatu.

Je, fasihi iliyofuata iliuona mzigo huu? Mfano wa Shaaban Robert unatusaidia. Huyu alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, mtu wa mshahara na wa uhamisho, na Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, ni mojawapo ya maandishi ya mwanzo ya Kiswahili ambamo mume kijana anaeleza mwenyewe kazi yake, imani yake na jamaa yake. Ajira inazungumzwa kwa wazi. Imani imo katika kila ukurasa. Mapenzi ya ndoa yamo pia, na shairi lake la kumlilia mkewe Amina ni kati ya marithia yanayopendwa sana katika lugha yetu. Shairi hilo lina dua, lina huzuni ya kweli, na lina tumaini la kukutana tena. Lakini msomaji akiuliza Amina alikuwa akifanya nini asubuhi mumewe alipokwenda forodhani, shairi halimjibu. Pengine si kazi ya marithia kujibu swali hilo. Inatosha kusema kwamba mshahara umepata maneno, na kazi ya uani bado haijapata.

Shaaban Robert aliwaandikia pia watoto wake tenzi mbili za wasia, zilizomo katika kitabu hicho hicho: Hati kwa binti, na Adili kwa mwana. Kwa mintarafu ya hoja yetu, hii ni hatua kubwa, maana sasa mwana naye amepewa wasia wa urefu. Lakini ni tenzi mbili, kwa wasikilizaji wawili. Kila kijana anafunzwa akiwa peke yake, kisha wanakutana katika nyumba moja, kila mmoja akiwa na kitabu chake. Hakuna ubeti ambao mume na mke wameketishwa pamoja wakaambiwa: hii ndiyo kazi iliyomo humu ndani, gawaneni.

Wengine watasema kwamba riwaya ya kisasa ilivunja kimya hiki. Ni kweli kwamba ilivunja mengi. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anatupa mume na mke vijana wasio na wasia wowote wa kuwatosha. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ameipoteza imani ya wazee wake na hajapata ya kuiweka mahali pake. Ndoa yake na Sabina inaishia katika msiba wa mtoto na hatimaye katika kujiua kwa Kazimoto. Na tamthilia ya Mama Ee (1987) ya Ari Katini Mwachofi ilimleta jukwaani hapa Kenya mwanamke anayeteswa ndani ya ndoa, na kuwalazimisha watazamaji wamtazame. Kazi hizi zina ushujaa. Lakini zinatuonyesha ndoa inapovunjika. Siku ya kawaida, ambayo hakuna aliyepigwa wala aliyekufa, siku ya maji, mkaa, nepi, sala na nauli ya kesho, bado inaonekana kuwa haifai kuandikwa. Katika jambo hili Mwana Kupona anawazidi waliomfuata. Yeye aliamini kwamba siku ya kawaida ya mke kijana ni maudhui yanayostahili utendi mzima, na akawaita wanawake wote waje wausome.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ubishi juu ya utiifu katika Utendi wa Mwana Kupona umeficha suala la kazi. Tukilirejesha suala hilo, tunaona nyumba yenye watu watatu badala ya wawili. Tunaona mstari kati ya kazi za ndani zinazohesabiwa kuwa ibada na kazi za uani zisizohesabiwa. Na tunaona jinsi mstari huo ulivyobaki katika maandishi hata baada ya yule wa tatu kuondoka.

Yapo mambo yanayofuata kwa walimu na watafiti. Kwanza, tusiwape wanafunzi utendi huu kama sheria ya ndoa, wala tusiwape kama jela ya kuvunjwa. Tuwape kama hesabu ya kazi, wahesabu wenyewe yaliyomo na yasiyomo. Pili, ushahidi wa kazi za uani utafutwe kule uliko: katika nyimbo za kutwanga, katika nyimbo za vugo, katika mafunzo ya somo kwa mwari, na katika kumbukumbu za familia ambazo bibi zao walikuwa watumishi na si mabibi wa nyumba. Utafiti huu haufai kusubiri, kwa maana kinu kimekwisha kuwapisha wenye mashine, na wimbo wa kinu huondoka na kinu. Tatu, yapasa tukubali kwamba kuna waumini wengi, wanaume kwa wanawake, ambao bado wanaipata faraja katika fikira ya Mwana Kupona kwamba tendo dogo la nyumbani linaonekana na Mungu. Uhakiki hauna haki ya kuwadharau. Kinachoweza kuulizwa, kwa heshima, ni kwa nini fikira hiyo imeelekezwa kwa mmoja tu kati ya wawili, na kwa nini iliishia mlangoni pa jiko.

Mwanafunzi tuliyemtaja alimaliza shahada yake. Tasnifu yake ilihusu mada nyingine kabisa, naye hakuwahi kuandika juu ya swali lake. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba hakupata wakati.